Maneno Aliyoyafupisha

Daktari alipomwambia kwamba uvimbe wa kooni hautatoka bila kisu, na kwamba baada ya kisu sauti itaweza kupotea, mzee alimtazama kijana yule kuanzia viatu hadi miwani, kisha akamsahihisha.

"Hakuna 'itaweza kupotea'," alisema kwa ule mkwaruzo aliobaki nao. "Ama inaweza kupotea, ama itapotea. Chagua moja."

"Itapotea," daktari akasema.

"Vyema. Sasa tunaelewana."

Alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakukutana na mtu anayejua kusema. Mahakimu walilala macho wazi. Mawakili kwake walikuwa madebe matupu yaliyovalishwa tai. Mashahidi ndio usiseme: aliwaona kama kuku aliyefungwa mguu, anazunguka kigingi kutwa nzima na hafiki popote. Mwanawe wa pekee, karani wa idara ya maji, alimbandika jina la Bwana Labda, kwa kuwa hakuna swali alilowahi kulijibu bila neno hilo. Mkamwana wake, aliyeuza dawa kwenye duka la mtaa wa pili, hakupewa hata jina. Miaka kumi na mmoja chini ya paa moja, alimwita "wewe mama", basi.

Na huyo ndiye aliyekuja na wazo. Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya kisu. Alikaa mkabala na mzee kwenye meza ya kulia, akatoa mkobani kile kicheza muziki chake, kibapa kama kiberiti, mgongo umechakaa kwa mikwaruzo, kilichokuwa kikimwimbia njiani akienda kazini. Kisha akafungua kikaratasi, akatoa kitu kidogo cheusi, akakichomeka kwenye tundu la chini ambalo kwa kawaida hupitisha chaji.

"Hicho nini?"

"Maikrofoni, baba. Hiki chenyewe hakina, lakini ukikichomekea hii kinanasa sauti. Nataka tuhifadhi maneno yako ya kila siku, ili baada ya upasuaji uwe unabonyeza tu."

Mzee alikisogelea kwa pua. "Nimesema mbele ya majaji wa rufaa, wewe mama. Leo niseme mbele ya jino la mbuzi?"

"Sema mbele ya lolote lililopo. Siku ni nane."

Alikuwa ameandika orodha nyuma ya karatasi ya dawa. Nataka maji. Naumwa hapa. Fungua dirisha. Njoo. Ngoja. Hapana. Asante. Mzee aliomba kalamu, na bila haya akaanza kusahihisha kazi ya mwenziwe kama mwalimu aliyeamka vibaya. Alipofika kwenye asante aliikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Hiyo itachukua nafasi bure," alisema.

Walipojaribu mara ya kwanza walinasa jokofu. Mara ya pili walinasa kidole cha mzee kikigonga meza, kishindo kama cha mlango. Mkamwana akalichomoa jokofu ukutani, akakunja taulo, akakilaza kicheza muziki juu yake, akamwambia asikiguse na aweke mdomo umbali wa shubiri moja. Mzee akasema orodha yote kwa pumzi tatu. Mkamwana akamwekea visikizi masikioni, akambonyezea.

Mzee alisikiliza amekunja uso. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Ana majivuno mtu huyu."

Mkamwana akainama kukunja waya.

Tangu siku hiyo, asubuhi wote wakishaondoka, mzee alikaa peke yake mbele ya taulo. Kubonyeza alishajifunza kwa kutazama mara moja. Kuomba afundishwe kungekuwa kujishusha. Aliona haifai sauti kama ile iagwe kwa "fungua dirisha", basi akaanza kuwapa watu haki yao. Alimsema hakimu aliyehukumu kesi ya mbuzi akiwa anadhani ni kesi ya shamba. Alimsema daktari na sarufi yake. Alimsema mwanawe: "Aliulizwa kama anampenda mchumba wake, akajibu labda. Bahati yake mchumba hakuwa na mkalimani." Alimsema na mkamwana, kwamba anaburuta kandambili na kwamba anafikiri upole ni akili. Kila dharau ikajihifadhi yenyewe kwa tarehe na saa. Kwa siku kadhaa mzee alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia tangu astaafu.

Siku ya mwisho, mchana, alibonyeza akakuta hana mtu aliyebaki wa kumsema. Amewamaliza wote. Kitaa chekundu cha kunasia sauti kikawa kinamngoja. Akakohoa, na alipofungua mdomo tena lilitoka jambo ambalo hakuwa ameliandaa.

Ilikuwa kesi ya wizi wa matairi. Mshtakiwa alikuwa mlinzi wa ghala, kijana, na shahidi alikuwa bibi mmoja mfagia barabara aliyeona tukio alfajiri. Bibi hakujua lugha ya mahakama, alisema ya kwao, na alisema kama mfagiaji, yaani kila takataka aliipitia. Alianza na ufagio. Akaja kwenye nyonga yake inayouma, akapita kwa marehemu mumewe, na katikati ya hayo akasema alimwona mlinzi akifungua mlango. Akarudi tena kwenye nyonga. Baadaye sana, karibu na saa ya chakula, akasema kwamba mlinzi alipokuwa akifungua, mtu alikuwa amesimama nyuma yake ameinua panga.

"Nilikuwa nimemchoka," mzee aliiambia maikrofoni. "Hakimu alikuwa akitazama saa. Nikasema: shahidi anasema alimwona mshtakiwa akifungua mlango. Basi. Panga sikulisema. Lilinipita kama nzi."

Mlinzi alikuwa akiijua lugha ile, ilikuwa ya mama yake. Akapaza sauti kizimbani: amesema panga, huyu bibi amesema panga. Wakili wake akasimama, mmoja wa wale wa tai. Hakimu akageuka, akamuuliza mkalimani kama ametafsiri sawasawa.

"Na hapo ndipo nilipolikumbuka panga. Nililikumbuka vizuri kabisa. Lakini kumwambia hakimu nimekosea, mbele ya lile debe tupu... Nikasema, sawasawa, mheshimiwa. Akapewa miaka sita."

Alisikiliza mlio wa bomba la maji ukutani. Akabonyeza kuzima. Kufuta hakujua, hicho hakuwa amekiona kikifanywa.

Upasuaji ulikwenda salama. Mzee alirudi nyumbani na tundu shingoni lililofunikwa shashi, na daftari la kuandikia. Kwenye kicheza muziki walichomeka spika ndogo. Nyumba ikawa na mambo ya ajabu: mzee ameketi kimya, midomo imefungwa, na sauti yake inatoka mezani inaagiza maji. Bwana Labda kila mara aliitazama spika badala ya baba yake. Mzee alimdharau kwa hilo pia, ila sasa ilimbidi adharau kwa macho tu.

Juma la pili, mkamwana aliketi kuyapanga maneno ili yawe rahisi kuyapata. Alikuta mafaili arobaini na mawili ambapo alitarajia sita. Akavaa visikizi. Mzee alimwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Alimwona akicheka mara moja, akikunja uso mara moja, huenda kwenye kandambili. Kisha akamwona ametulia tuli, mkono mdomoni, muda mrefu.

Akaja akasimama mbele ya kiti chake.

"Baba, huyu mlinzi yu hai?"

Mzee akaandika: Sijui.

"Unalikumbuka jina?"

Akaliandika bila kusita, yote matatu, na nambari ya kesi chini yake.

"Na bado hukumtafuta."

Mzee akashika kalamu. Mkamwana alingoja kidogo, kisha akachukua ile karatasi yenye jina kutoka mikononi mwa mzee jinsi anavyochukua karatasi ya dawa kwa mteja, bila kumtazama usoni. Mzee aliujua mtazamo ule wa kutotazama. Ulikuwa wake mwenyewe. Aliutumia miaka thelathini na mmoja.

Usiku ule wakati wa chakula mwanawe alijaribu. "Labda tuache. Yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwa nani?" mkewe akamuuliza, na mume akarudi kwenye sahani yake.

Ilimchukua mkamwana majuma matatu kumpata yule mlinzi. Alikwenda kwenye kampuni ya ulinzi, wakamwelekeza kwa mlinzi mwingine mstaafu, na mstaafu akamwelekeza kwenye karakana ya makochi nyuma ya soko la mbao. Jumamosi moja akamwambia mzee avae viatu. Mzee alivaa na tai.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, kipara, amepiga goti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa. Misumari midogo ilikuwa imejipanga midomoni mwake. Anachomoa mmoja, anapigilia, anachomoa mwingine. Mkamwana alimsalimu, akamweleza wao ni nani na wamekuja kwa lipi. Fundi hakusimama. Alimtazama mzee, akatazama shashi shingoni, akaendelea kupigilia. Mkamwana akachuchumaa, akamwekea kisikizi sikio moja, akabonyeza.

Fundi alisikiliza huku anafanya kazi. Nyundo haikukosea hata mara moja. Ilipofika mwisho akatema misumari kiganjani.

"Sauti hii naijua," alisema. "Nilidhani mwenyewe alishakufa."

Mzee akafungua daftari. Alikuwa ameandika nyumbani, kwa mwandiko wake bora: Nisamehe. Akalinyoosha mbele.

"Sioni bila miwani," fundi akasema, "na miwani iko ndani." Hakwenda kuifuata. Mkamwana alipofumbua mdomo, akamwinulia kiganja. "Usimsomee, dada."

Daftari likabaki limenyooshwa.

"Yule bibi mfagiaji," fundi akasema, sasa akimwelekea mzee, kwa sauti ya kawaida kabisa, "ulimwambia?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Alikuja gerezani mara mbili kwa miguu, na nyonga ile. Watu walimwambia maneno yake ndiyo yaliyonifunga. Anakaa upande wa pili wa wavu analia, anasema, mwanangu, mbona nililisema panga, au sikulisema? Nikamwambia ulilisema, bibi, nilikusikia. Hakuniamini. Alidhani namwonea huruma." Akachagua msumari mmoja kiganjani, akaitazama ncha yake. "Miaka yangu sita ilikwisha siku nilipotoka. Yeye alikwenda na yake kaburini. Kwa hiyo hicho ulichokiandika, sijui nini, mpelekee yeye."

Mzee aliushusha mkono. Alikuwa ameujua ulimi wa kila mtu aliyepita mbele yake, na kila mmoja alimfupisha. Huyu fundi wa makochi alikuwa amesema machache, na hapakuwa na neno moja la kupunguza.

Mkamwana akauliza kama angependa faili lile lipelekwe kwa wakili, jina lake lisafishwe. Fundi alifikiri.

"Nina wanangu wawili," alisema. "Wananiheshimu, lakini nikiwagombeza juu ya kitu cha mtu, wananitazama kama wanamtazama mwizi. Niachie hicho kidude wasikie."

"Kina na sauti zake nyingine," mkamwana akasema. "Za kuombea maji na kadhalika. Sijazihamisha popote."

Walimtazama mzee wote wawili. Mzee alikitazama kicheza muziki, na lile jino la mbuzi chini yake. Kisha akaashiria kwa kidole: kwa fundi.

Kurudi nyumbani mkamwana alitangulia, kandambili zikiburuzika, wala hakugeuka kuona kama mzee anafuata. Alifuata. Njia ilikuwa na mashimo, na tai ilikuwa ikimkaba juu ya shashi mpaka akailegeza, akaivua, akaitia mfukoni.

Asubuhi iliyofuata alipotaka maji, aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Aligonga mara moja, akangoja. Mkamwana alikuwa jikoni akimalizia chai yake. Aliimaliza. Kisha akaja na gilasi, akaiweka mezani, na mzee akainamisha kichwa kwa asante. Mkamwana alikiona kichwa kilivyoinama, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.