Kulabu ya Nafasi ya Tano

Pale langoni mwa bandari kila kuli alikuwa na nafasi yake kwenye foleni. Ukiugua, ndugu yako anaweka kulabu yako ya magunia chini, hapo unaposimama, na nyapara anaihesabu kama mtu. Hakuna anayeikanyaga. Kaka yangu yuko kitandani mwezi wa nne sasa na kifua chake kilichojaa saruji, na kila asubuhi nimekuwa nikimwekea kulabu yake, nafasi ya tano.

Meli zilishahamia bandari mpya. Jiji limetumeza, hata mtaa wameubadilisha jina. Kazi iliyobaki ni kubomoa maghala tuliyokuwa tunayajaza.

Juzi akaja msimamizi mgeni, kofia ya plastiki kichwani.

"Nataka kumi na wawili. Nitakaowachukua leo ndio hao hao mpaka mwisho."

Akahesabu. Alipofika kwenye kulabu akasimama.

"Hii ya nani?"

"Huyo ndiye wa tano, bosi," akajibu Redio, mropokaji wetu. "Mpole huyo. Hata maji haombi."

Watu wakacheka. Msimamizi hakucheka.

"Kama ina mwenyewe, naandika wa tano hayupo, nachukua kumi na mmoja. Kama haina, itoke."

Kulabu ikihesabiwa, mimi nilikuwa wa kumi na tatu. Foleni nzima ikanigeukia. Nyumbani kuna watoto wangu na wa kaka, sufuria moja.

"Haina mwenyewe," nikasema.

Msimamizi akaisukuma kwa buti mpaka kwenye rundo la vyuma chakavu.

Tukaanza na ghala namba mbili. Nilipiga nyundo mpaka jioni na hakuna aliyenisemesha.

Nyumbani nilimkuta kaka ameketi kitandani, shemeji anamshikia kikombe. Akalitazama vumbi la matofali kwenye nywele zangu.

"Wamekuchukua."

"Wamenichukua."

"Na pale pangu kasimama nani?"

"Mimi, kaka."

Akakohoa, akakohoa, mpaka shemeji akaweka kikombe chini.

"Namba mbili imeshaanguka?"

"Nusu."

"Mlango wa nyuma una boriti iliyooza. Angalia kichwa chako," akasema, akageukia ukutani.