Kuvumwani ya Aina Moja

Jumatatu ya mwisho wa Agosti, Saimi Hakulinen alikuwa amepiga magoti msituni nyuma ya nyumba yake, akiondoa majani makavu juu ya kuvumwani, kile kizulia laini cha kijani kinachofunika ardhi chini ya misonobari. Aina hii sisi wa Kivivaara huiita kuvumwani ya ukuta, kwa kuwa ndiyo tunayoshindilia kwenye mianya ya nyumba za magogo ili baridi isipenye. Hakuna aliyeijua kama Saimi. Alichukua ukanda mmoja, akaacha mmoja, na hakurudi pale pale kabla ya miaka thelathini. Palipobaki wazi alipandikiza vipande, akavikandamiza kwa kiganja mpaka vikagusana na udongo, kisha akavinyunyizia maji ya mvua majira yote ya joto. Mawe aliyapaka kuvumwani iliyopondwa pamoja na mtindi, upande usiopigwa jua, ikaota. Ukijaribu wewe, utaambulia nzi.

Ile ya ukutani kwake aliishindilia mwenyewe ikiwa mbichi, miaka arobaini iliyopita, nayo haijafa. Siku za mvua husema iliyoyasikia. Mengi ni habari za viazi na kahawa, na tumeizoea.

Siku hiyo ilinyesha. Ukuta ulikuwa ukisema kwa sauti ya marehemu Taavetti Rautio, mwenye shamba, ambaye Saimi alimtumikia tangu usichana: "Nyumba hii ni yako. Nikifa, asikutoe mtu."

Jorma, mwana wa marehemu, alisikiliza akiwa ameegemea jiko. Alitaka nyumba awapangishe watu wa likizo, na alikuwa amekuja na karani wa mirathi, Raili Huovinen.

"Ni baba huyo," alisema Jorma. "Hata kikohozi ni chake. Ila Bibi Saimi, hakuandika popote."

"Alisema," akajibu Saimi. "Nikadhani yatosha."

Huovinen alimaliza kahawa yake. "Wosia wa mdomo unataka mashahidi wawili, wote chumbani kwa wakati mmoja. Ukuta nitauandika kama shahidi wa kwanza. Wa pili nani?"

Hapakuwa na wa pili. Karani alimhurumia Saimi, hilo lilionekana wazi. Alisogeza kiti.

"Bibi Saimi, hebu kumbuka vizuri. Msituni aina ziko nyingi. Huenda mkono ulipitiwa, ukachanganya mbili? Zikiwa mbili, mimi nina mashahidi wawili." Akaiweka kalamu tayari.

Jorma akatazama dirishani. Asingebisha.

"Nani achanganye? Mimi?"

"Hata unyuzi mmoja tu, bibi."

"Ile nyingine hufyonza maji ikaozesha gogo! Ukuta huu ni aina moja, toka sakafuni hadi darini. Ukipata unyuzi wa kigeni humo, mkono huu na ukatwe."

Hata hivyo Huovinen alivaa miwani, akapapasa mwanya mmoja mmoja kwa karibu saa nzima. Hakupata kitu. Kazi safi namna ile sijaiona tena, na kuisifu kunaniuma. Karani aliandika "shahidi: mmoja", akatia sahihi.

Saimi alihamia mjini, kwenye fleti ya manispaa, ghorofa ya tatu, kuta za zege. Wageni wa Jorma hupenda sana jinsi ukuta unavyowakaribisha siku za mvua kwa sauti ya marehemu, na wengine huongeza siku.

Mwaka uliofuata pembe ya kaskazini ilianza kupitisha upepo. Jorma akapiga simu. Kivivaara nzima hapakuwa na mwingine wa kuombwa, naye alijua, na Saimi alijua. Akaja kwa basi la asubuhi, akapitia msituni kwenye ukanda uliokomaa, akaja na ndoo iliyojaa, mbichi, aina moja.

Mgeni aliyemfungulia mlango alimwomba avue viatu. Saimi alikuwa ameshavivua.