Kiti cha Mbele

Oyugi, mume wa binti yangu Apiyo, alitandaza ramani juu ya boneti ya Landrova yake. Tungetoka Mwanza, tuambae na ziwa hadi Bunda, tukatize Serengeti, kisha tupande milima ya Ngorongoro. Mimi nikikaa nyuma kwenye kona za mlima hutapika. Lakini dereva ni Oyugi, na kwetu Wajaluo mama mkwe hakai ubavuni mwa mkwewe.

“Basi mama abaki,” akasema Oyugi.

Nibaki? Mkwe hafokewi, kwa hiyo nikamfokea binti yangu.

“Apiyo! Malori ya Jeshi la Kujenga Taifa uliyaendesha wewe au jirani? Chukua ufunguo. Mimi nakaa mbele na mwanangu. Mumeo mwonyeshe ndoo ya kutapikia, iko kule nyuma.”