Barua Ambayo Gesare Hakuifungua

Barua ilifika Suna mwezi wa Machi, mwaka 1996, ikitoka chuo cha uuguzi huko Homa Bay. Nyasuguta aliitoa posta akampelekea mpwa wake Gesare, binti wa miaka ishirini na miwili aliyelelewa naye tangu mama yake afariki.

Gesare aliipapasa bahasha. Ilikuwa nyembamba.

"Wangenichukua ingekuwa nene," alijiambia, akaisukuma chini ya godoro.

Jioni Nyasuguta aliuliza, "Wamesema nini?"

"Wamekataa, mama mdogo."

Hakuhisi kwamba amedanganya. Tangu akose alama za kuingia chuo kikuu, akili yake ilizoea kumaliza maneno ambayo watu hawajayasema. Mteja akicheka dukani, anamcheka yeye. Asiposalimiwa kanisani siku ya Sabato, amechukiwa. Alikuwa akiuza vitambaa katika duka la akina Mulki, na kila alipokata kitambaa alikipima mara tatu, kisha akarudi nyumbani akiwaza kwamba lazima alikosea. Shingo ilimuuma. Chakula kilikosa ladha. Aliamka amechoka kuliko alivyolala.

Katikati ya Aprili akashindwa kwenda kazini. Siku ya kwanza alisema ni malaria. Siku ya nne Mulki, ambaye alikuwa wa rika lake, alifunga duka saa ya chakula akamfuata. Alimkuta amejilaza, dirisha limefungwa, nywele hazijachanwa.

"Inuka kidogo, tuanike hili godoro," Mulki alisema. "Chumba kinanuka jasho."

Walipolivuta, bahasha ikaanguka. Mulki akaitazama, akamtazama mwenzake.

"Hii hujaifungua?"

"Ifungue wewe. Najua kilichomo."

Mulki akasoma, midomo ikicheza polepole. "Gesare, walikuita. Usaili ulikuwa tarehe nane."

"Na leo?"

"Leo kumi na tisa."

Gesare hakulia. Alikaa sakafuni akaegemea ukuta. "Si nilijua?" alisema.

"Ulijua nini? Wamekuita!"

"Nilijua nitaharibu."

Mulki alitaka kumgombeza, lakini alipouona uso wake akaacha. Akampashia moto maji ya kuoga. Jumatatu iliyofuata akaomba ruhusa kwa baba yake, akamsindikiza Homa Bay.

Mwalimu wa uuguzi aliyewapokea, Bi. Adongo, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alisoma barua, akatikisa kichwa. Nafasi zilikuwa zimejaa.

"Kwa nini hukuja?"

Gesare alikuwa ameandaa uongo kuhusu posta. Ukamshinda, hata kudanganya kulihitaji nguvu.

"Sikuifungua. Niliogopa."

Bi. Adongo aliweka kalamu chini. "Unalala, nyathina, mtoto wangu? Unakula?"

Gesare akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Sikumbuki. Mwaka jana, labda."

"Huo si uvivu. Ni ugonjwa, na una matibabu. Nafasi sina, lakini nitakuandikia umwone daktari pale hospitalini."

"Unasema nina wazimu."

"Nimesema hivyo?"

Gesare alifikiri. Mulki aliangalia mikono yake mwenyewe.

"Hapana," Gesare alijibu.

"Basi hayo ni maneno ya nani?"

Hapo ndipo Gesare alipolia, akalia mpaka kitambaa cha mkono cha Mulki kikalowa.

Nyasuguta alipoelezwa hakufurahi. "Tutaomba," alisema. "Watu wakisikia unameza dawa za kichwa, nani atakuoa?" Lakini mwezi wa pili wa matibabu, tarehe ya kurudi kwa daktari ilipofika, alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda naye, akakaa kwenye benchi la hospitali kutwa nzima bila kulalamika.

Dawa zilimkausha Gesare mdomo, na kwa wiki kadhaa hakuona tofauti yoyote. Daktari alimfundisha kujiuliza swali kama lile la Bi. Adongo: nani amesema? Mara nyingi alilisahau. Mara nyingine alilikumbuka akiwa ameshakasirika na ameshajifungia chumbani. Alirudi dukani kwa nusu siku, kisha siku nzima. Septemba alijishtukia akicheka na mteja kutoka Ntimaru aliyebishania rangi ya leso.

Aliomba chuo tena, hakikumwita. Ilimuuma, akalala siku mbili, ya tatu akaamka. Mwaka uliofuata zahanati moja ya Karungu ilihitaji mtu wa kuandikisha akina mama na kupima watoto uzito. Alienda kuulizwa maswali, akajibu vibaya mawili, wakamchukua.

Siku nzito bado humjia. Humwambia muuguzi wa pale zahanati, "Leo nimeamka vibaya," na yule humsogezea kiti, kisha wanamwita mama wa kwanza kwenye foleni.