Sita Zilizobaki

Kaka yangu Feliksi ni mwalimu wa hesabu, na kwa hesabu hizo hizo alimzika mama yetu mahali asipotaka.

Mama alikimbia kipigo cha baba huko Simbo, akatulea kwa kuuza dagaa ufukweni Kibirizi. Siku zote alisema akifa azikwe kwao Mwandiga, asirudishwe kwa mume. Alijua wazee wa ukoo hawatanisikiliza mimi mtoto wa kike, kwa hiyo alijirekodi kwenye simu yake, ili wakinibishia wamsikie mwenyewe. Kisha kiharusi kikamfunga mdomo. Kitandani alinionyesha namba ya siri kwa vidole: viwili, vitano, vinane, na ngumi iliyofumbwa, yaani sifuri. Kila aliporudia alizipanga tarakimu hizo kwa mpangilio tofauti. Alfajiri akafariki.

Msibani nilimtajia Feliksi tarakimu hizo, naye akachukua simu, akakaa mbele ya baba zetu wadogo, akajaribu. Kila akikosea simu ilimsubirisha, naye akasubiri. Mwisho akanirudishia. Tarakimu nne zile, alisema, zinapangika namna kumi na nane tu, naye amezimaliza zote. Labda mama alichanganyikiwa. Nani angembishia mwalimu? Kesho yake tukamzika Simbo, ubavuni mwa kaburi la baba, mwanamume aliyemvunja mkono. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Wiki mbili baadaye nilimfuata shuleni anipe ufunguo wa chumba cha mama. Nikasimama nje ya dirisha nikingoja amalize kipindi. Ubaoni aliandika sifuri, moja, nne, saba. Ukiunda namba ya maelfu, aliwaeleza, sifuri haikai mbele, kwa hiyo unapata kumi na nane.

"Lakini namba ya siri ni kitu kingine," akasema. "Huko sifuri inaweza kutangulia. Msiziache hizo sita. Jumla ni ishirini na nne."

Simu ya mama ilikuwa mkobani. Nilikuwa bado naichaji, sijui kwa nini. Nikaketi kwenye ngazi, nikaanza na sifuri. Mara ya nne ikafunguka.

Alipotoka nilimuuliza kama siku ile alisahau. Hakunitazama. Alisema kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na shamba la Simbo liko mikononi mwa baba wadogo. Angegombana nao, lingempotea. Mkubwa wetu huyo, tuliyemtegemea, alimuuza mama kwa ekari mbili za mihogo. Nilibonyeza ile rekodi, mama akasema mwenyewe.

"Feliksi mwanangu, najua watakutisha na shamba. Lakini wewe umesoma, na ndiye mkubwa. Usiwaache wanirudishe Simbo."

Feliksi aligeuka, akatazama darasani.

"Punguza sauti, Regina," akasema. "Wanafunzi wanasikia."