Uzi Si Takwimu

Wanasema kwetu hakuna wasomaji. Wamelisema ofisini, chini ya kiyoyozi, na aliyelisema hajawahi kukanyaga tope la kwetu hata kwa bahati mbaya. Nami nayaandika haya kwa mkono huuhuu wa kufyatulia matofali, maana darasa la nne nililoishia linatosha kuandika ukweli, ili kesho mtu asije akasema tulinyamaza.

Gari la vitabu lilikuwa likija Alhamisi moja ndiyo, moja hapana. Lilikuwa linaegesha kando ya tanuru letu la matofali, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo magurudumu hayazami. Ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa za buluu: TUNAKUFUATA ULIPO. Dereva wake ndiye dereva, ndiye mkutubi, ndiye mfagiaji. Akifungua mlango wa nyuma, watu wanaacha udongo kwenye fremu za matofali na kwenda kunawa mikono, watu wazima kabisa, kama wanaitwa mezani.

Shida ilikuwa kadi. Ili upewe kadi lazima uwe na barua ya kuthibitisha unapokaa, na sisi tunakaa mahali ambapo kwenye ramani yao ni shamba tupu. Ukienda kuomba barua unaambiwa hapo hakai mtu. Umesimama mbele yake, una pua na macho, anakwambia hukai unapokaa! Mke wangu peke yake ndiye aliyepata, kwa kuwa bado alikuwa ameandikishwa kwa kaka yake mjini. Kadi moja, vitabu viwili, mtaa mzima.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyegundua dawa. Kitabu kikishuka kwenye gari kinaanza kutembea nyumba hadi nyumba, kila nyumba jioni moja, na kila nyumba ina uzi wake wa kuweka pale ilipoishia. Nyuzi aliwakatia yeye, bure. Msusi wa jirani akapewa mwekundu, fundi baiskeli wa njano. Muuza mkaa alipopewa mweusi alinuna wiki nzima, akasema anachokozwa, mpaka akabadilishiwa akapewa mweupe. Sisi tulikuwa na wa kijani. Kitabu kikimaliza mzunguko kinaonekana kama kimeota ndevu. Muda ukiisha na watu hawajamaliza, dereva anakipokea na kukiazimisha tena palepale, nyuzi zikiwa ndani. Alikuwa anajua mchezo wote.

"Nyie watu," alikuwa akisema, "kitabu kwenu kinachoka kuliko mimi."

Mimi husoma kama mtu anayevuka tope, nang'oa mguu mmoja mmoja. Kwa hiyo alinisomea mke wangu, jioni, akiwa ameegemea cherehani. Kitabu cha mwisho kilikuwa kisa cha mlinzi wa ghala aliyeshtakiwa kwamba alilichoma moto ghala la tajiri wake. Mashahidi wote wamekwisha kusema, hakimu ameinuka kwenda kufikiri. Hapo mke wangu akaweka uzi wa kijani, akafunga.

"Si umalizie," nikamwambia.

"Nikimaliza leo, kesho utasikiliza nini? Kanichotee maji kwanza, bwana mkubwa."

"Yaani hakimu hawezi kufikiri mpaka nichote maji?"

"Hawezi. Ana kiu."

Nikajifanya nimechoka, sikwenda. Tukacheka, tukalala. Kesho yake kifua kikambana. Tukampeleka zahanati, ile waliyoijengea geti jipya na kuandika juu yake jina la mtu aliyelizindua. Geti lilikuwa linang'aa. Ndani hakukuwa na dawa wala mtungi wa hewa. Walichokuwa nacho ni benchi. Alikufa tukisubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa. Siku ya kulizindua lile geti watu walipiga makofi. Mimi nilipita katikati yake nikimtoa mke wangu, na sitalisema zaidi ya hapo.

Gari la vitabu lilipokuja baada ya mazishi, dereva alishuka kofia ikiwa mkononi. Kanuni yao, mwenye kadi akifa kadi inarudi ofisini, pamoja na vitabu.

"Nisamehe, mzee wangu. Ingekuwa amri yangu ningekuachia. Safari ijayo tutatafuta namna."

Nikampa, nyuzi zikiwa ndani. Hiyo safari ijayo haikuja. Alhamisi ikapita, ikapita nyingine, tanuru likawaka na kuzimwa mara nyingi, pale lilipokuwa linaegesha pakaota majani. Na mimi kila jioni nakaa mbele ya cherehani iliyofunikwa, hakimu hajarudi. Mtu asinicheke. Ile ilikuwa sauti ya mke wangu iliyokatika katikati, na wao wakaibeba wakaenda nayo.

Siku moja msusi akaja na kichana kikiwa kimechomekwa kichwani. Yeye na mke wangu walikuwa mashoga wa kugawana hata chumvi.

"Shemeji, utayanung'unikia matofali mpaka lini? Hayana masikio hayo."

"Yananisikiliza kuliko wakubwa."

"Basi leo tukawape wakubwa nafasi. Vaa shati lenye vifungo vyote."

Kwenye geti la ofisi ya maktaba mlinzi akatuuliza kama tuna miadi.

"Tuna miguu," msusi akamjibu, "ndiyo iliyotuleta."

Tulikalishwa kwenye korido mpaka watu wakaenda kula na kurudi. Mkuu wa maktaba alipotuita, alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka, anajizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, macho kwenye kompyuta.

"Eneo lenu lilikuwa na msomaji mmoja," akasema. "Huyo amefariki. Sasa, mzee, siwezi kuchoma dizeli ya umma kumfuata marehemu."

Alilisema taratibu, kama mtu anayeagiza chai. Msusi akanishika mkono, nadhani aliona ngumi.

"Mheshimiwa," nikasema, "ile kadi ilikuwa ya mtaa mzima."

"Kadi haiazimishwi. Hilo ni kosa."

"Basi tupeni na sisi zetu."

"Leteni barua za makazi."

"Wanakotoa barua wanasema pale hakai mtu."

Akafungua viganja vyake. "Si unaona? Siyo mimi peke yangu ninayesema."

Tukatoka. Uani tukalikuta gari letu. Rafu zimeng'olewa, ndani kumejaa viti vya plastiki, zulia jekundu na maspika. Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, akatuona, akainama.

"Siku hizi mimi ni mbeba viti," akasema. "Semina, mikutano, uzinduzi. Juzi nimepeleka viti hotelini, kwenye semina ya kuhamasisha wananchi kusoma."

"Unatania," msusi akasema.

"Nikitania nife. Walikula kuku, wakapiga picha."

Vitabu, akatuambia, viko stoo kwenye magunia. Wakaguzi walikuwa wanakuja, Mkuu akaamuru visafishwe, na wasafishaji walipokuta nyuzi wakazing'oa zote, wakazifagia pamoja na vumbi. Dereva akanitazama, akaingiza mkono chini ya kiti chake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye fulana kuukuu.

"Chako nilikiwahi."

Ndevu zote za kitabu zilikuwepo. Na uzi wa kijani.

Sikufikiri. Nilirudi nacho moja kwa moja mpaka ndani, msusi nyuma yangu, mlinzi nyuma ya msusi. Nikakiweka mezani kwa Mkuu. Kimetoka wapi sikumwambia, wala hakuuliza.

"Hawa hapa wasomaji wako," nikasema. "Mwekundu ni huyu aliyesimama mbele yako. Mweupe ni muuza mkaa, ameshampita kila mtu, karibu anamaliza. Wa njano fundi baiskeli, kakwama hapa mwanzoni, macho yake mabovu, lakini hajaacha. Huu ni wa marehemu wako wa dizeli. Kila uzi ni nyumba, mheshimiwa. Hesabu mwenyewe."

Akakigusa kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayegusa panya aliyekufa.

"Uzi si takwimu," akasema. "Tena huu ni uharibifu wa mali ya umma. Aliyeazima atatozwa faini."

"Aliyeazima amekufa."

"Basi mrithi wake."

Msusi akaangua kicheko, lakini hakikuwa cha furaha. "Ahaa! Kwenye kusoma amekufa, kwenye kulipa yuko hai!"

Mkuu akanyoosha mkono akichukue kitabu. Mimi nikawahi. Nikakitia kwapani, nikageuka, nikatoka. Alinipigia kelele kwamba ni wizi. Mlinzi alijiweka mlangoni, msusi akachomoa kichana chake chenye meno ya chuma, akamwuliza kwa upole, "Kaka, nikusuke?" Mlinzi akasogea pembeni.

Jioni ile watu walikuja kwangu bila kuitwa. Msusi akakaa kwenye kiti cha mke wangu, akafungua penye uzi wa kijani.

"Nisome, shemeji?"

"Ngoja," nikasema.

Nikachukua ndoo, nikaenda bombani, nikachota maji, nikarudi, nikayaweka kando ya cherehani.

"Sasa soma."

Hakimu akarudi. Alichoamua sikisemi, kuna nyumba ambazo bado hazijafika hapo.

Sasa nimeletewa barua, ina mhuri. Bahasha imeandikwa jina langu na mahali ninapokaa, palepale wanaposema hakai mtu, na imenifikia bila kupotea. Inasema nikirudishe kitabu ofisini kwao la sivyo nitachukuliwa hatua. Wakitaka kunishtaki wanajua nilipo. Wakinitaka kama msomaji, hawapajui.

Nimewajibu nyuma ya barua yao hiyohiyo. Nimeandika kwamba kitabu kipo, kizima, hakijachanika hata ukurasa, na hapo walipokuwa wanaegesha tumeshakata majani. Sikileti ng'o. Maneno ya ubavuni mwa gari waliandika wao, siyo mimi. Wanifuate nilipo, na viti vyao wavishushe kwanza, maana tutataka nafasi ya vitabu vingine.