Mzee Sawa

Mtaani kwetu baba yangu aliitwa Mzee Sawa, na watu walidhani ni jina la sifa. Ukimwomba ngazi, sawa. Ukimwambia nguo zako zimeangukia uani kwake, sawa. Mwaka mmoja walimchagua mwenyekiti wa kamati ya mitaro akiwa amekaa zake kwenye kiti cha plastiki anatabasamu, akidhani anaulizwa kama ameshakula. Alirudi nyumbani akamwuliza mama mbona watu wamempigia makofi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ukweli ni kwamba baba alikuwa hasikii. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha mbao, mbele ya msumeno mkubwa wa kupasulia magogo, na ule msumeno ulimla masikio kidogo kidogo kama mchwa anavyokula fremu ya mlango. Mwanzoni alificha ili asiachishwe kazi. Alipostaafu hakukuwa tena na wa kumwachisha, lakini mazoea yana taabu. Alikuwa ameshajifunza kusoma midomo. Sisi wa nyumbani tuliongea naye uso kwa uso, kwenye mwanga. Akija mgeni, mama alisimama nyuma ya bega la mgeni na kuyarudia maneno yake yote kwa midomo, bila sauti. Aliyegeuka ghafla alimkuta mama anatafuna hewa. Wengi walidhani anaomba dua, wakazidi kumheshimu.

Basi tukawa tunafunika kombe mwanaharamu apite, na miaka yote hiyo alipita bila kugeuka.

Mimi na mama tulizijua sawa za baba kama tulivyojua funguo za nyumba. Ile ya kweli ilikuwa fupi, anaisema huku ameshainuka kwenda kufanya ulichomwambia. Ile ya kumjibu mama peke yake ilitanguliwa na mguno. Halafu kulikuwa na sawa ya wageni: kidevu juu, mkono kifuani, tabasamu la kujaa uso. Ukiona hiyo, ujue hajaambulia kitu.

Korona ilipoingia, dunia nzima ikafunga midomo.

Mimi nauza kwenye duka la dawa. Wateja wangu hawabishi hodi, wanakohoa. Wapo wanaopenda kuniambia kuwa sikio la kufa halisikii dawa, wakicheka, na mimi nacheka nao kwa sababu ndiyo kazi, ila kimoyomoyo namtukana aliyeitunga methali hiyo. Kila jioni nilivua nguo za kazi uani, nikaoga, nikavaa barakoa nyingine safi, ndipo nikaingia ndani. Hatari ya nyumba ile nilikuwa mimi, na nilijua.

Baba akanitazama kama mtu anavyotazama televisheni iliyozimwa. Siku za kwanza alijitahidi, akawa ananiangalia macho, akibahatisha. Nilijaribu kumwandikia, lakini kusoma kwake kulikuwa kwa kuburuta, akiwa na miwani, tena kwa herufi kubwa. Baadaye akaacha kuja mezani. Akawa anakula chumbani, anageukia ukutani, analala mchana. Akamwuliza mama amenikosea nini hata nimekataa kusema naye.

Mama aliniita jikoni. Akasema ile barakoa niivue nikiwa ndani.

Nilikasirika, na sijutii. Nikamwambia yeye hakai kaunta, haoni ninachokiona, hajui watu wangapi wanasema ni mafua tu. Nikamwambia umri wa baba, na kifua chake kilichojaa vumbi la mbao. Aliniacha nimalize, akakausha mikono kwenye upande wa nguo yake.

"Ugonjwa huenda ukaja, huenda usije," akasema. "Huyu anakufa sasa hivi, mbele yangu."

Nilifikiria kuhama. Rafiki yangu mmoja ana chumba cha ziada, lakini naye ana bibi yake humo ndani, akanikatalia kwa maneno matamu nami nikamwelewa. Kuacha kazi ndiyo usiseme, maana dawa za presha za mama zilitoka kwenye mshahara ule ule. Kila mlango niliougusa ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mwisho tukakubaliana kwamba nitakaa ncha ya meza, karibu na dirisha lililo wazi, bila barakoa, mdomo wazi.

Baba akarudi mezani. Jioni ile alisimulia upya kisa cha kamati ya mitaro, akaongeza na mambo ambayo hayakutokea. Nilifurahi, sifichi. Na kila neno lililonitoka kinywani niliogopa linakokwenda.

Kikohozi kilipokuja kilikuja kwangu kwanza, chepesi, cha kunidanganya. Halafu siku moja nikafungua chupa ya spiriti dukani nikakuta hainuki. Nilirudi nyumbani mchana ule ule, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Mama alipata homa akainuka. Baba alilala, na kila alipopumua niliona shimo likichimbika juu ya mfupa wa kifua chake.

Hospitali walikuwa wamefunga kamba getini. Ndugu huku, mgonjwa kule. Wahudumu walivaa kama wapuliza dawa za mimea, na ndani ya mavazi yale hukujua nani mwanamume nani mwanamke. Mmoja akawa anauliza maswali kwa haraka, kwa sababu nyuma yetu gari lingine lilikuwa limeshafika. Ana kisukari? Hana. Ameanza kukohoa lini? Anaona vizuri? Anasikia vizuri?

"Anasikia," akasema mama.

Nilimgeukia. Alijibu vile alivyojibu maisha yake yote, mdomo ukitangulia akili, na baba alikuwa pale pale kwenye kiti cha magurudumu anatutazama. Ningeweza kusema. Nilikuwa na ulimi, na midomo ya kutosha. Lakini kumwambia mtu mbele ya baba kwamba baba hasikii, hilo kwetu halijawahi kufanyika, nami nikanyamaza. Wakamsukuma. Yule anayesukuma aliinama akamwambia jambo, na baba akainua kidevu, akaweka mkono kifuani. Pembeni yangu niliona barakoa ya mama inacheza. Alikuwa anamrudishia maneno ya yule mtu kwa midomo, mpaka wakaingia mlangoni.

Tulifungiwa nyumbani, karantini, mimi na mama, tukisubiri simu. Ilipolia alikuwa nesi, sauti ya msichana, imechoka. Niliiweka simu kwenye spika ili sote tusikie. Alisema mzee wetu ni mpole ajabu, hasumbui, kila ukimwuliza anasema sawa. Ila kuna jambo moja. Wamemvalisha kile kikombe cha oksijeni cha puani na mdomoni, na hatakiwi kukivua hata kidogo, maana akivua hewa inashuka vibaya. Na yeye anavua. Kila mtu akimsogelea na kumsemesha, anavua.

"Tunamkanya, anasema sawa," akasema nesi. "Ukigeuka tu, amevua tena."

Mama alishika shavu. Alielewa kabla yangu. Kwa baba, mdomo uliofunikwa ni ukimya, tena ni kukosa adabu. Mtu akikusemesha unamwonyesha midomo yako, naye akuonyeshe yake. Alikuwa anawafunulia wale watu uso wake, akisubiri nao wamfunulie.

Hapo ndipo nilipolisema, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa mtu nisiyemjua. Nikasema baba hasikii, anasoma midomo, hajui hata kwa nini yuko hapo. Nesi akauliza kwa nini hatukusema. Mama alitazama sakafu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nasali methali za watu ziwe uongo. Nikamwambia amwandikie, akasema walishamwandikia, akaitazama karatasi akasema sawa. Miwani yake ilikuwa hapa kwetu, juu ya redio ambayo miaka yote alijifanya anaisikiliza. Kuipeleka tusingeweza, tumefungiwa, na hakuna jirani aliyekuwa tayari kugusa kitu kilichotoka kwetu.

Ndipo nikamwomba ambalo sikupaswa kumwomba. "Dada, shusha barakoa yako mara moja tu. Simama mbali. Mwambie asivue."

"Nina mtoto ananyonya," akasema.

Nililinda mdomo wangu kwa wateja wangu wote, halafu naomba wa mwenzangu.

Tukasikia mashine nyuma yake zikilia. Kisha akasema tujaribu simu ya picha. Ataitia yake kwenye mfuko wa plastiki, amshikie mzee, sisi tuseme naye kwa midomo yetu wenyewe. "Asipoelewa, mtaniambia," akasema. "Basi nitashusha yangu, Mungu atanilinda."

Tulikaa dirishani penye mwanga, mashavu yamegusana ili tuenee sote. Picha ikaja na ukungu wa plastiki. Baba alikuwa mdogo. Mama akasema polepole, akifungua midomo kama tulivyozoea, "Usivue. Hiyo ni hewa yako. Usivue."

Baba akakodoa macho. Mkono ukapanda, akakivuta kile kikombe chini. "Unasemaje?"

Mkono wa nesi ukaingia, ukamrudishia. Nikasema mimi, baba, usivue. Akavuta tena. "Unasemaje?" Tayari anahema, midomo imekuwa rangi ya majivu. Kila tulilomwambia alitaka kulijibu, na kila jibu lilimla pumzi. Nilinyamaza, nikaogopa hata kuchezesha midomo. Ndipo mama akavuta mtandio wake, akajifunika mdomo na pua, akashika hivyo kwa mkono, macho tu yakabaki nje.

Baba aliutazama mtandio ule kwa muda. Kisha akashusha kikombe, akainua kidevu, akaweka mkono kifuani, akatabasamu kwa uso wake wote.

"Sawa, sawa," akasema.

Mkono wa nesi ukamrudishia. Picha ikayumba, tukaona dari, taa, kisha ukungu mtupu. Sauti ya nesi ikaja karibu.

"Ameelewa?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Ameelewa, mwanangu," akasema. "Mungu akulinde."

"Afadhali," akasema nesi, na simu ikakatika.

Nilimgeukia mama. Nikamwambia ile ilikuwa sawa ya wageni, ameiona, hakuna anayeijua kama yeye. Bado alikuwa amejifunika.

"Najua," akasema. "Ningesema hajaelewa, yule binti angevua. Na ana mtoto ananyonya."

Nikaichukua simu nipige tena. Mama hakunizuia. Niliishika mpaka kioo chake kikapata jasho la kiganja changu, namba ya nesi iko pale juu, na sikupiga.